Mguu, Tairi na Gia: Namna ya Kupunguza Dizeli ya Pikapu

Jirani yangu hupakia nyanya Ilula, mkoani Iringa, na kuzishusha Dar es Salaam. Pikapu yake ni dabo kebini ya dizeli, na ndiyo inayosomesha watoto wake. Masika yaliyopita ilizama mara mbili kwenye njia ya shambani, akaamua kuvua matairi yaliyokuja na gari, 265/65R17, akafunga 285/70R17 yenye meno makubwa. Matope hayakumsumbua tena. Lakini hata mwezi haujaisha, alinijia na risiti mbili za sheli mkononi. "Kaka, gari limeanza kunywa. Fundi anasema nozeli zimekwisha, tuzishushe zote nne."

Nyuma ya kila risiti alikuwa ameandika namba ya kilomita kwa kalamu. Kabla ya matairi mapya: kilomita 600, lita 60. Baada ya matairi mapya: kilomita 600, lita 66. Kwa hesabu ya haraka, gari lilikuwa limeshuka kutoka kilomita 10 kwa lita hadi 9.1. Mwenye gari yeyote angeshtuka. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na kosa ndani yake, na kosa hilo lilikaribia kumlipisha nozeli ambazo hazikuwa na ubaya wowote.

Makala hii ni kwa ajili yake na kwa kila anayeishi kwa pikapu: mkulima, mfanyabiashara, fundi wa ujenzi, dereva wa mradi. Bei ya dizeli hatuipangi sisi. Tanzania EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, Kenya EPRA hufanya vivyo hivyo, na sisi tunaipokea kama ilivyo. Kilicho mikononi mwetu ni idadi ya lita. Ushauri wangu ni huu, na mpangilio wake una maana: pima kwanza, kisha rekebisha mguu, kisha upepo na matairi, na difu iwe ya mwisho kabisa. Wengi wetu huanzia mwisho, kwenye gharama kubwa, na hatufiki kamwe mwanzo ambako hakuna cha kulipia.

Pima kabla ya kulalamika

Mshale wa tangi si kipimo. Hushuka polepole nusu ya kwanza, ukaporomoka nusu ya pili, na gari likiegeshwa mlimani hudanganya zaidi. Kipimo cha kweli ni kujaza tangi mpaka bomba la pampu likate lenyewe, kuandika kilomita, kufanya kazi zako, kisha kurudi sheli ileile, ikiwezekana pampu ileile, na kujaza tena mpaka likate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizochoma. Gawa kilomita kwa lita hizo. Usihukumu gari kwa tangi moja. Jaza mara tatu ndipo useme.

Ukiwa umebadili matairi, kuna hatua moja ya ziada, na hapo ndipo jirani yangu alipokwama. Soma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Kwenye 265/65R17, 265 ni upana kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na 17 ni rimu kwa inchi. Kimo cha ubavu ni milimita 172, nacho kipo juu na chini ya rimu, kwa hiyo jumla ni kama 344. Rimu ya inchi 17 ni milimita 432. Tairi zima lina kipenyo cha milimita 776. Fanya hesabu hiyohiyo kwa 285/70R17 utapata 831. Tairi jipya limelizidi la zamani kwa asilimia 7.

Mita ya kilomita haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, na imefundishwa kwamba kila mzunguko ni sawa na mzingo wa tairi la kiwandani. Tairi likiwa kubwa, gari linasogea mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mita haijui. Kilomita 600 alizosoma jirani yangu zilikuwa 642 barabarani. Gawa 642 kwa lita 66: ni kilomita 9.7 kwa lita. Gari lilikuwa limeshuka kutoka 10 hadi 9.7. Upungufu upo, na sababu yake ni uzito na meno ya matairi yale. Sehemu kubwa ya kile alichokiita ulevi wa gari ilikuwa kosa la mita.

Nilimwonya na jambo jingine palepale. Kama mita ya kilomita inapunja, mshale wa spidi nao unapunja. Akiuona kwenye 80, gari linakaribia 86. Kwenye vijiji vya 50, tochi ya trafiki haisomi dashibodi yako, inasoma gari. Aliyebadili ukubwa wa matairi alinganishe mita yake na nguzo za kilomita barabarani au ramani ya simu, aijue tofauti yake, na aizingatie kila siku.

Mguu ndio pampu ya kwanza

Hakuna kifaa kinachouzwa dukani kitakachookoa dizeli kama mguu wa kulia. Sababu ya kwanza ni hewa. Pikapu ina uso mpana, imesimama juu, na nyuma ya kebini kuna shimo la bodi. Msukumo wa hewa hauongezeki sawasawa na spidi. Unaongezeka kwa mraba wake. Kutoka 80 hadi 100 kwa saa, spidi imepanda kwa robo, lakini ukinzani wa hewa umepanda kwa asilimia 56. Kutoka 100 hadi 120 unapanda tena kwa asilimia 44 juu ya hapo.

Sasa pima ulichokipata. Kilomita 100 kwa spidi ya 80 ni saa moja na robo. Kwa spidi ya 100 ni saa moja. Umeokoa dakika 15 kama njia ilikuwa nyeupe mwanzo hadi mwisho. Na barabara ya Dar es Salaam hadi Iringa si nyeupe: kuna vijiji vya 50, kuna matuta, kuna mizani ambako malori hupanga foleni, kuna Mikumi ambako tembo na twiga wana haki ya kuvuka. Mara nyingi aliyekupita kwa fujo Chalinze utamkuta mbele yako Morogoro, injini ikiunguruma nyuma ya lori.

Sababu ya pili ni breki. Pikapu yenye mzigo wa kadiri, jumla tani 2 na nusu, ikienda 80 kwa saa imebeba nguvu ya mwendo ambayo injini iliijenga kwa kuchoma karibu mililita 50 za dizeli. Hicho ni kikombe kidogo cha kahawa, kile cha barazani. Ukikanyaga breki mpaka gari lisimame, umekimwaga kikombe hicho kikageuka joto kwenye pedi. Vikombe ishirini kama hivyo ni lita moja. Anayekimbilia tuta na kufunga breki mita 20 kabla yake, kisha akakanyaga mafuta kwa nguvu baada yake, anamwaga kahawa kijiji baada ya kijiji.

Dawa yake ni macho. Tazama mbali, mpaka kwenye kona inayofuata. Ukiona kibao cha 50, ondoa mguu mapema na uache gari lipungue lenyewe likiwa ndani ya gia. Mfuate lori kwa umbali wa kutosha ili likipunguza mwendo wewe upunguze kwa kuachia eksileta tu, bila kugusa breki. Ukiwa na nafasi hiyo, utafika kwenye tuta ukiwa na mwendo wa kulipanda, na kikombe chako cha kahawa kitakuwa bado kimejaa.

Mteremkoni, usiweke frii

Hili nalisema kwa uzito wote, kwa sababu limeua watu. Madereva wengi wakifika kwenye milima ya Kitonga au Sekenke wakielekea chini huweka frii wakiamini wanaokoa mafuta. Wanapoteza yote mawili, mafuta na usalama. Injini ya dizeli ikiwa ndani ya gia, mguu umeachia eksileta na magurudumu ndiyo yanayoizungusha, pampu hukata mafuta. Hapo unateremka bila kuchoma kitu. Ukiweka frii, injini imeachwa peke yake na lazima ichome dizeli ili isizime. Na breki zinabaki zenyewe kushika uzito wote wa mlima, zinapata moto, zinalegea, na kona inayofuata haikusubiri. Shuka na gia ileile ambayo ungepandia, ukisaidia kwa breki fupifupi. Ndiyo njia salama, na ndiyo isiyochoma mafuta.

Kuhusu kupanda, usilikemee gari bure. Kuinua tani 2 na nusu kwa kimo cha mita 1,000 kunahitaji karibu lita 2 za dizeli juu ya zile za kusafiri, hata dereva awe malaika. Safari ya kutoka pwani kwenda nyanda za juu itakula kuliko ya kurudi. Kwa hiyo pima kwenda na kurudi pamoja. Ukilinganisha safari ya kupanda ya wiki hii na ya kushuka ya wiki iliyopita, utafungua injini nzima ukitafuta ugonjwa ambao haupo.

Na injini inayounguruma gari likiwa limesimama, ukingoja abiria, ukipakia, ukizungumza dirishani, huchoma takriban nusu lita kwa saa, zaidi ukiwasha kiyoyozi. Ukijua utasimama zaidi ya dakika chache, zima. Ila kama umetoka kuvuta mlima kwa nguvu na gari lina tabochaja, liache dakika moja au mbili lipoe ndipo uzime. Hizo ni mililita za kulinda kifaa cha gharama kubwa.

Gia: isipige kelele, isikabwe

Dizeli haipendi mizunguko mingi kama petroli. Nguvu yake ya kuvuta iko kwenye mizunguko ya chini. Injini nyingi za pikapu zenye tabochaja huvuta vizuri kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika. Hata ile 1HZ ya lita 4.2 ya Land Cruiser, isiyo na tabochaja, hufikia kilele cha kuvuta kwenye kama mizunguko 2,200. Ukiivuta gia ya tatu mpaka 3,500 kwenye njia tambarare, sehemu ya dizeli yako inakwenda kupambana na msuguano wa injini yenyewe. Injini inachoka na gari halijasogea zaidi.

Badili gia mapema kwenye tambarare: mshale ukigusa kama 2,000, panda gia inayofuata. Lakini mapema kusizidi. Ukiwa gia ya tano mlimani, mizunguko 1,200, umekanyaga eksileta mpaka sakafuni na gari linatetemeka kama mgonjwa wa homa, hapo umeikaba. Tazama kioo cha pembeni: ukiona moshi mweusi, hayo ni mafuta uliyolipia yanayotoka bila kuungua. Rudi gia moja. Dereva wa zamani husikiliza kabla ya kutazama mshale: injini iliyo sawa inanguruma kwa utulivu, iliyokabwa inagonga, inayokimbizwa inalia.

Jambo dogo ambalo husahaulika: lever ya fowili. Ukitoka kwenye tope ukaingia lami, rudisha kwenye magurudumu mawili, na kama gari lako lina hab za kufungua kwa mkono, zifungue. Kwenye pikapu zisizo na difu ya kati, fowili kwenye lami kavu huifanya ekseli ya mbele na ya nyuma kushindana kwenye kona. Matairi yanaliwa, gia zinaumia, na dizeli inakwenda.

Upepo na meno ya matairi

Kila asubuhi madereva hupiga tairi teke au kuligonga kwa chuma, kisha husema lina upepo. Teke halijui tofauti ya pauni 25 na 35. Nunua kipimo kidogo cha upepo, kiweke mlangoni, na upime asubuhi matairi yakiwa baridi, kabla ya safari. Kiwango sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva: mara nyingi kuna namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, na matairi ya nyuma hutakiwa kujazwa zaidi ukipakia. Namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, si kiwango cha gari lako.

Idara ya Nishati ya Marekani hutumia kanuni rahisi: upepo ukipungua kwa pauni moja katika matairi yote, ulaji wa mafuta huongezeka kwa takriban asilimia 0.2. Upungufu wa pauni 10 ni asilimia 2. Kwa anayechoma lita 600 kwa mwezi, hizo ni lita 12 zilizopotea kwa uvivu wa kupima. Na hasara ya mafuta ndiyo ndogo. Tairi legevu lenye mzigo wa nyanya juani hupata joto ubavuni na kupasuka likiwa kwenye spidi. Ukilipunguza upepo ili kupita mchangani, lijaze tena kabla ya kushika lami.

Meno makubwa yana kazi yake, na kazi hiyo ni matope. Kwenye lami kila jino hukunjwa na kukunjuka kila mzunguko, na mkunjo huo ni joto, na joto hilo ni dizeli. Tairi lenyewe pia ni zito, na ni uzito unaozunguka, kwa hiyo kila ukiondoka kwenye tuta unauzungusha upya. Jiulize kwa ukweli: kati ya kilomita 100 zako, ngapi ni tope? Kama ni tano, tairi la kati lenye ukubwa wa kiwandani linatosha, pamoja na koleo na kamba nzuri. Kama ni arobaini, funga ya meno makubwa na ulipe gharama yake bila kinyongo.

Difu ni ya mwisho

Wapo wanaoamini kwamba matairi makubwa huokoa mafuta kwa kuwa injini huzunguka polepole. Hesabu inaonekana kuwaunga mkono. Chukua gari lenye difu ya 4.1, yaani meno 41 kwa 10, na gia ya tano ya 0.85. Kwa matairi ya milimita 776, spidi ya 100 inahitaji mizunguko kama 2,380. Weka matairi ya 831 na mizunguko inashuka hadi kama 2,230. Kwenye tambarare, gari likiwa tupu, ni kweli kuna nafuu.

Lakini biashara haifanyiki kwenye tambarare na gari tupu. Gia zote zimerefuka kwa asilimia 7. Kilima ambacho zamani ulikivuka na gia ya tano sasa kinakulazimisha kurudi ya nne, na klachi inachoka zaidi kila unapoondoka na mzigo. Ili kurudisha uwiano wa awali, difu ya 4.1 ingehitaji kuwa karibu 4.39; inayopatikana kwa karibu ni 4.3, meno 43 kwa 10. Huo ni ufunguaji wa difu, mbele na nyuma. Nasisitiza mbele na nyuma: gari la fowili likiwa na difu za uwiano tofauti, siku utakapoingiza fowili kitavunjika kitu. Gharama hiyo hairudi kwa dizeli utakayookoa. Anayebadili difu abadili kwa sababu gari lake halivuti tena mzigo wake, si kwa ndoto ya kuokoa lita.

Madogo yanayojumlisha

Ondoa keria tupu juu ya paa. Hushika hewa safari nzima bila kubeba kitu. Usiteremshe mlango wa nyuma wa bodi ukidhani hewa itapita vizuri; ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na nyingine hupita juu yake. Turubai lililokazwa husaidia kidogo, linalopigapiga halisaidii. Toa vyuma na mifuko uliyosahau bodini. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa: moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake inashika. Tairi likiliwa upande mmoja, nenda kwenye alaimenti. Safisha au badili eya klina kila ukitoka msimu wa vumbi.

Na kama kuna fundi aliyewahi kukutolea themostati ili "gari lisichemke," irudishe. Injini isiyofika joto lake huchoma dizeli zaidi na kulika mapema. Kama inachemka ikiwa na themostati, ugonjwa uko kwenye rejeta, pampu ya maji au feni, na huko ndiko pa kutibu.

Jirani yangu hakushusha nozeli. Alibaki na matairi yake, maana njia ya shambani bado ni ileile, lakini sasa kila namba ya mita anaizidisha kwa 1.07 kabla ya kuiandika, na risiti zimehamia kwenye daftari lililobanwa kwenye kizuia jua. Wewe nawe, mara ijayo ukiingia sheli, jaza mpaka pampu ikate na uandike kilomita. Endesha tangi la kwanza kama ulivyozoea. La pili na la tatu, usizidi 80, pima upepo kila asubuhi, na ondoa mguu mapema. Kisha linganisha namba zako mwenyewe. Fundi asiguse injini yako mpaka daftari lako limesema.